Ahadi kwa Miguu ya Mwingine

Jumapili ya pili ya mwezi wa saba, baada ya misa, Meshack alifika Mpui nyumbani kwa Felisiani kuomba mke. Alikuja na mshenga wake, mzee Abeli, aliyebeba bahasha ya posa. Huyo mke mwenyewe alikuwa jikoni akigeuza samaki, migebuka ya Kasanga, kwenye kikaango, na alikuwa na miaka arobaini na saba.

Jina lake Bertilla, mjane, fundi cherehani wa mjini Sumbawanga. Felisiani ni kaka yake mkubwa, mkulima wa mahindi na ulezi, na tangu baba yao afariki neno la mwisho la ukoo hutoka kwake. Baina ya jiko na sebule palikuwa na pazia tu, kwa hiyo Bertilla na wifi yake Marsiana, mke wa Felisiani, walisikia kila kitu bila kutega sikio.

Mazungumzo yalikwenda vizuri kwa muda mrefu. Meshack ni Mmoraviani, mtu wa Mbeya. Hilo lilizungumzwa, ikasemwa padri ataeleza taratibu za ndoa ya mseto. Meshack ni mjane pia, ana miaka hamsini na mbili, mpima ardhi wa serikali. Hayo hayakuwa na shida. Kisha Felisiani akakohoa.

"Limebaki jambo moja," alisema, "na hili ni langu mwenyewe. Mbio."

Akamgeukia Meshack.

"Dada yangu ana binti aliye chuoni, Salome. Dada mwenyewe ni mtu mzima. Lakini kila asubuhi yuko barabarani na suruali ya kubana, mpaka watu wa kijiji cha Pito wanamjua mgongo kuliko sura. Mwaka jana alichechemea miezi miwili. Nikamwambia acha. Akaniambia kisigino kinapona. Kilipopona akarudi kulekule, na sasa kinauma tena. Mimi nimechoka kuulizwa. Anayemchukua aniambie leo: akiwa kwake, hizo mbio zitaisha au hazitaisha?"

Bertilla alisimamisha mkono juu ya kikaango. Alijua washenga, alijua mzee Abeli angezunguka na methali mbili tatu, watu wacheke, mambo yapite. Abeli alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza. Lakini sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Zitaisha, shemeji," Meshack alisema.

"Umesema?"

"Nimesema. Tukifunga ndoa hatakimbia tena."

Marsiana alimtazama Bertilla, akauchukua mwiko mkononi mwake polepole. "Wifi, samaki wanaungua," alisema.

Chakula kilipoiva, Bertilla ndiye aliyewanawisha wageni. Alipiga goti mbele ya Meshack na jagi na beseni kama ilivyo desturi. Meshack alinawa taratibu kuliko inavyohitajika, akiyatafuta macho yake. Aliyapenda macho yale. Mara nyingi alimwambia kwamba yanacheka kabla ya mdomo. Siku hiyo yalikuwa kwenye maji. Maji yalipokwisha, Bertilla alinyanyuka, akaenda kwa anayefuata.

*

Walikuwa wamejuana miaka mitatu. Meshack alipohamishiwa Sumbawanga alipeleka koti lake kibandani kwa Bertilla kubadilishiwa zipu, maana baridi ya Ufipa ilikuwa imemshinda. Akaona raba za kukimbilia chini ya cherehani, zimeliwa upande mmoja wa soli.

"Hizi za nani?" aliuliza.

"Za fundi."

"Fundi anakimbilia wapi?"

"Pito na kurudi. Karibu, kama unaweza."

Aliweza, kwa shida, wiki ya kwanza. Baadaye aliweza vizuri, na Jumatatu, Jumatano na Ijumaa ikawa kawaida yao kukutana saa kumi na mbili asubuhi kwenye mikaratusi mwisho wa mtaa, ukungu bado umelala barabarani. Katika mwendo huo, wakisema sentensi fupifupi kwa sababu ya pumzi, walielezana maisha yao yote. Mwaka wa pili Meshack alianza kuchelewa kwenda ofisini makusudi ili wanywe chai pamoja. Mwaka wa tatu alimwambia kwamba anaona siku za Jumanne na Alhamisi hazina kazi. Bertilla alielewa alichotaka kusema, na alilala vibaya usiku ule kwa furaha.

Bertilla alikuwa amekimbia tangu shule. Alipoolewa mara ya kwanza aliacha, akakaa miaka kumi na minane bila kuvaa raba. Mumewe alipofariki, nyumba ikawa kimya sana alfajiri, naye akatoka nje akaanza kukimbia kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya saa hizo. Alikuwa na miaka arobaini. Kila mwaka tangu hapo alishiriki mbio za mjini za kilometa ishirini na moja, na hakuwahi kushinda.

Kisigino cha kushoto kilianza kumsumbua akiwa na miaka arobaini na mitano. Daktari alimwambia ni ule mshipa mnene wa nyuma, na kwamba kukanyaga cherehani kutwa nzima hakuusaidii. Bertilla alijifunza kukanyaga kwa mguu wa kulia. Alijifunza kusimama kwenye kizingiti cha kibanda akijiinua na kujishusha kwa vidole, polepole, mara thelathini, huku wateja wakimsubiri. Ulipouma alipunguza, ulipotulia aliongeza. Halikuwa jambo kubwa kwake, na hakulipigia kelele.

*

Jumatatu baada ya posa alimkuta Meshack kwenye mikaratusi, amevaa suruali ndefu ya mazoezi na koti. Upepo ulikuwa mkali.

"Umeamkaje?" Meshack aliuliza.

"Salama."

Walianza kutembea, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

"Jana hukusema nami hata neno."

"Ulikuwa unasema wewe," Bertilla alijibu. "Ulisema yako, ukasema na yangu."

"Mama Salome, yule ni kaka yako. Uliona uso wake? Ningemwambia hazitaisha, tungerudi mikono mitupu."

"Kwa hiyo tukifunga ndoa nitaendelea kukimbia."

"Utaendelea. Nani atamwambia? Mpui ni mbali."

"Majina ya waliokimbia yanasomwa redioni, Meshack. Kaka yangu ana redio." Alisema kwa sauti ileile ambayo humwambia mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Lakini tuseme hana. Ulimwambia zitaisha. Ama umemdanganya yeye, sebuleni kwake, mbele ya mshenga wako, ama umenifunga mimi. Ni lipi?"

Pikipiki ilipita na magunia mawili ya mkaa, wakasogea pembeni. Meshack alipokanyaga majani ya ukingoni, Bertilla aliona jinsi alivyouvuta mguu wa kulia.

"Naomba tukae," Meshack alisema.

Katika miaka mitatu hakuwahi kuomba kukaa. Walikaa juu ya kalavati. Meshack aliunyoosha ule mguu mbele yake kama kitu cha mtu mwingine, akapandisha suruali. Goti lilikuwa limefungwa bandeji, na juu na chini ya bandeji lilikuwa limevimba.

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

"Na zile siku ulizoniambia una kazi vijijini?"

"Nyingine nilikuwa nazo. Nyingine nilikuwa nimekaa nyumbani na barafu."

Bertilla alilitazama lile goti. Alitamani kuweka kiganja chake juu yake, akajua akikiweka hatasema tena anachotaka kusema. Akaiingiza mikono kwenye mifuko ya koti.

"Daktari amesemaje?"

"Ndani kumelika kidogo. Nipunguze uzito, nifanye mazoezi ya mapaja, nisiende mwendo mrefu mwaka huu."

"Amekwambia uache?"

"Amesema nipunguze."

"Kupunguza si kuacha."

"Kwangu ni kitu kimoja." Meshack aliteremsha suruali. "Mimi nilianza mbio kwa ajili yako. Nikipunguza nitakimbia na nani? Na wazee wa klabu ya jogingi, wale wanaokwenda wakipiga stori? Mwezi wa tano ulinipita pale kilimani. Ukageuka ukaniangalia."

"Niliangalia kama uko salama."

"Najua. Ndicho kilichoniuma." Alisugua goti. "Kaka yako alipouliza lile swali, nilisikia kama mtu amenifungulia mlango. Nikatuona asubuhi sisi wawili, ndani, tunakunywa chai, na hakuna anayetoka kumwacha mwenzake. Nikajibu kabla sijafikiri. Lakini sikumdanganya. Nilipokuwa nasema, nilikuwa nataka iwe hivyo."

Bertilla alikuwa amejiandaa kwa uongo. Uongo angeukasirikia, wangegombana, na pengine ifikapo Ijumaa angekuwa amesamehe. Hili la kweli lilikaa vibaya zaidi kifuani, kwa sababu alimhurumia, na alimpenda, na jibu lilikuwa lilelile.

"Niliwahi kuacha," alisema. "Unajua. Marehemu hakunikataza. Alisema tu watu wanaongea. Alikuwa mtu mpole, akisema jambo mara moja halirudii. Nikaziweka raba juu ya kabati, na hazikushuka miaka kumi na minane. Hakuna aliyenilazimisha, Meshack, ndiyo maana mpaka leo sina wa kumlaumu."

"Mimi si yeye."

"Hapana. Wewe umesema kabla ya kuniuliza. Yeye walau aliniambia mimi." Alisimama. "Nina miaka arobaini na saba. Siku moja mwili utasema basi, na labda si mbali. Utaniambia mimi. Hautamwambia kaka, wala wewe. Mpaka hapo, kisigino kikiuma nitapunguza na kikipoa nitaongeza."

"Na mimi?"

"Mwambie mzee Abeli arudi Mpui akaichukue posa."

"Bertilla."

Hakuwa amewahi kumwita hivyo barabarani, bila Mama Salome. Jina lilitoka taratibu, likampata mahali alipokuwa hajajikinga. Alisimama kwa muda wa pumzi mbili, akimtazama: kipara kinachoanza, koti ambalo zipu yake aliishona mwenyewe, mikono mikubwa imelala mapajani. Kama angesema neno moja zaidi, pengine Bertilla angekaa tena. Meshack akainamia goti lake.

Bertilla akafunga kamba za raba upya, akaondoka. Dakika tano za kwanza kisigino kilikuwa kigumu kama kawaida. Baadaye kikalegea. Hakugeuka kuangalia nyuma.

*

Mzee Abeli hakwenda Mpui wiki ile, wala wiki iliyofuata. Bertilla alikimbia peke yake, akipita upande wa pili wa barabara. Jumatatu ile mbio za kilometa ishirini na moja zilikuwa zimebakiza siku kumi na tatu. Kisigino kiliuma Jumatano, akapumzika Alhamisi na Ijumaa. Jumamosi alijaribu kilometa nane, kikatulia. Mchana alishona sare za shule, na kila kivuli kilichopita mlangoni alikiinulia macho, kisha akajikasirikia.

Alhamisi kabla ya mbio, Marsiana alipiga simu.

"Wifi, mgeni wako alikuwa hapa leo."

"Mgeni gani?"

"Meshack. Amekuja kwa basi, peke yake. Hana Abeli wala nani."

Bertilla alizima pasi. "Amefuata posa?"

"Nisikilize. Amemsalimia kaka yako shikamoo, akakataa kukaa. Akasema, 'Shemeji, nilikuahidi kitu ambacho si changu. Miguu ni ya Bertilla. Sikumuuliza, na ningemuuliza angekataa, nami nilijua angekataa. Narudisha lile neno. Ukitaka kuirudisha posa, nipe nitaibeba mwenyewe.' Hivyohivyo, amesimama mlangoni, kofia mkononi."

"Kaka akasemaje?"

"Akamuuliza, 'Unanifanya mtoto?' Akajibu, 'Hapana, shemeji, ile Jumapili ndiyo nilikufanya mtoto.' Kaka yako akamwambia aondoke. Kaondoka. Hata maji hakunywa. Na mguu ule, wifi, kumbe ni mgonjwa? Nimemwona anavyokwenda mpaka barabarani, nikasikia huruma."

"Na posa?"

"Ipo kabatini. Kaka yako hakuitaja. Amekaa tu pale, chai yake imepoa mbele yake. Unamjua."

Bertilla alimjua. Alikata simu, akakaa na gauni la mtu mapajani bila kushona mpaka mwenye gauni alipofika.

*

Asubuhi ya mbio ilikuwa na baridi ya kung'ata masikio. Watu mia tatu na kitu walisimama uwanjani wakirukaruka. Bertilla alikuwa amebandika namba kifuani, na kuvaa soksi mbili mguu wa kushoto.

Kilometa kumi za kwanza zilikwenda vizuri. Ya kumi na tatu kisigino kikaamka. Alifupisha hatua kama alivyojifunza, akaacha kundi lake liende. Kwenye kilima cha kilometa ya kumi na saba maumivu yalipanda hadi kwenye kigimbi, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya mashindanoni: alitembea. Alitembea mpaka kileleni, akihesabu nguzo za umeme, na mwanamke wa rika lake kutoka Mbeya akampita akimpa pole. Juu akaanza tena. Alimaliza kwa saa mbili na dakika kumi na tisa, dakika kumi na moja nyuma ya mwaka uliopita, wa nne kati ya wanawake wa miaka arobaini na mitano na kuendelea. Waliopewa zawadi walikuwa watatu.

Alivishwa medali, akapewa chupa ya maji. Hakuwa na huzuni wala shangwe. Alikuwa na njaa, na ndani yake palikuwa pametulia.

Ndipo akamwona Meshack. Alikuwa amekaa kwenye majani karibu na hema la waandaaji, goti limefungwa, medali ndogo ya kilometa tano shingoni. Namba yake ilikuwa bado kifuani. Wale wa kilometa tano walikuwa wanafunzi, akina mama waliokuja kwa furaha tu, na wazee wa jogingi wanaopiga stori.

Bertilla alikwenda akasimama mbele yake.

"Umekimbia?"

"Dakika moja nakimbia, mbili natembea. Daktari kaniruhusu."

"Umemaliza kwa muda gani?"

"Dakika hamsini na nane."

"Kilometa tano?"

"Kuna bibi alinipita," Meshack alisema. "Alikuwa anaongea na simu."

Bertilla alitazama pembeni, midomo ikimsaliti. Meshack aliyaona macho yake yakianza kucheka, akainamisha uso, kama mtu anayeogopa kutikisa kikombe kilichojaa.

"Nimesikia ulikwenda Mpui," Bertilla alisema.

"Nilikwenda."

"Ulitaka nisikie?"

"Nilijua utasikia. Lakini sikwenda ili unirudie. Hata kama hunirudii, lile neno lisingebaki pale." Alichuma jani, akalitupa. "Nyumbani nimekuwa nakunywa chai peke yangu, kama nilivyotaka, ndani, hakuna anayetoka. Haina ladha. Afadhali ukatoka, nikajua unarudi."

Simu ya Bertilla iliita mfukoni. Alikuwa Felisiani. Bertilla aliipokea palepale, bila kusogea.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Wa ngapi?"

"Wa nne, kwa watu wa umri wangu."

Nyuma ya Felisiani kuku walisikika. "Mguu?"

"Unauma. Nitaupumzisha wiki mbili."

"Wiki mbili," Felisiani alirudia, kana kwamba anautafuta uongo humo na hauoni. "Huyo mtu yuko hapo?"

"Yupo."

"Sikiliza. Hizo mbio sizipendi, na sitazipenda. Usinialike. Lakini mtu aliyepanda basi na mguu mbovu kuja kujiharibia posa yake mwenyewe, binti yangu ningempa. Mwambie aje na Abeli Jumapili ijayo. Na wewe usikae jikoni. Utakaa sebuleni, na mimi nitakuuliza wewe."

"Sawa, kaka."

"Mpe maji huyo. Hapa aliondoka na kiu."

Simu ikakatika. Bertilla alimpa Meshack chupa yake. Alikunywa nusu, akairudisha.

"Kaka anasemaje?"

"Anasema uje Jumapili. Lakini atakayeulizwa ni mimi."

Meshack aliupokea ujumbe ule bila haraka. Mkono wake, uliokuwa majanini, ulisogea ukagusa ncha ya raba ya Bertilla, ukatulia hapo mbele ya watu wote wa Sumbawanga.

"Utamjibu nini?"

"Jibu utalisikia hukohuko," Bertilla alisema, akamnyooshea mkono amwinue. "Wewe safari hii nyamaza tu."